Nancy Montgomery na riwaya za kutisha za watumishi wa ndani

Riwaya za mashaka zinazomweka mtumishi wa ndani katika nyumba yenye siri hulaumiwa kwamba zinafanya biashara kwa damu ya maskini. Msichana anayepiga deki na kumwaga vyungu vya haja hugeuzwa muuaji au mwendawazimu, msomaji akasisimka, ikaishia hapo. Lawama hiyo ina uzito, na mkasa wa Grace Marks unaipa nguvu zaidi.

Grace, mhamiaji kutoka Ireland, alikuwa na miaka 16 mwaka 1843, wakati mwajiri wake Thomas Kinnear alipouawa huko Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto, pamoja na msimamizi wa nyumba, Nancy Montgomery. Mfanyakazi mwenzake Grace, James McDermott, alinyongwa kwa mauaji hayo. Grace aliponea chupuchupu, akafungwa maisha, akasamehewa mwaka 1872. Mwandishi Susanna Moodie alimwona gerezani Kingston, na kitabu chake cha mwaka 1853 kilitia chumvi nyingi mno, hata kudai kwamba mwili wa Nancy ulikatwa vipande vinne. Ushahidi hausemi hivyo. Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, aliifuata simulizi ya Moodie katika mchezo wa televisheni wa mwaka 1974, kisha akaachana nayo alipoandika Alias Grace, riwaya iliyotoka mwaka 1996.

Kwa hiyo wanaosema hadithi za kutisha hupotosha historia wana hoja. Ninachokataa ni imani kwamba kumbukumbu za mahakama zilimtendea mtumishi haki kuliko riwaya.

Grace na McDermott walipotiwa hatiani kwa kifo cha Kinnear na kuhukumiwa kunyongwa, ilionekana hakuna haja ya kuwashtaki kwa kifo cha Nancy. Kisheria inaeleweka, kwa kuwa mtu hanyongwi mara mbili. Lakini maana yake ni kwamba kifo cha bwana kilipata hukumu, na cha mtumishi hakikupata. Nancy alikuwa mjamzito. Alikabwa kwa kitambaa, mwili wake ukafichwa chini ya beseni la kufulia katika chumba cha chini ya nyumba. Nani alivuta kitambaa? Grace alisaidia, alilazimishwa, au hakuwapo? Swali lililowagawa watu tangu siku hizo lilikuwa ndani ya kesi hiyohiyo isiyosikilizwa. Aliyefanya kazi ya mikono katika nyumba ile alifia humo, na hakuna baraza la wazee wa mahakama lililoulizwa ni nani alimuua.

Hapo ndipo riwaya ya mashaka inapopata kazi yake halali. Katika kitabu cha Atwood, Nancy anacheka, anafoka, anaogopa kupokonywa nafasi yake. Analala na bwana, lakini bado ni mwajiriwa anayeweza kufukuzwa kesho. Wala kitisho cha kitabu hicho hakihitaji mzimu. Katika nyumba ambayo Grace alitumikia kabla ya kwa Kinnear, kijana wa mwajiri anakuja usiku kugonga mlango wa chumba cha watumishi, na Grace anajua kwamba akikutwa mwanamume ndani, atakayelaumiwa ni yeye. Hofu hiyo haingii katika daftari la mahakama, kwa sababu hakuna wa kwenda kuishtaki.

Ni kweli daktari Simon Jordan, anayemhoji Grace gerezani, ni wa kubuni, na msomaji asiye makini anaweza kumchukua kama mtu wa historia. Atwood ameeleza mwishoni mwa kitabu kipi amekichukua kwenye nyaraka na kipi amekitunga, na kila anayeandika juu ya marehemu wa kweli anapaswa kufanya hivyo.

Anayeendelea kuiita riwaya hiyo biashara ya damu atuonyeshe ni wapi kwingine Nancy Montgomery amepewa nafasi ya kuishi kabla ya kuuawa.