Barua za Swift Zisomwe Pamoja na Mistari Iliyofutwa

Kuanzia Septemba 1710 hadi Juni 1713 Jonathan Swift, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Dublin katika familia yenye asili ya Kiingereza, aliishi hasa London, kwanza akishughulikia maslahi ya kanisa lake la Ireland na baadaye akiwaandikia mawaziri wa Malkia Anne makala za kisiasa. Takriban kila siku, mara nyingi akiwa bado kitandani asubuhi au kabla ya kulala, aliandika kipande cha barua kwa wanawake wawili waliobaki Ireland, Esther Johnson na Rebecca Dingley. Karatasi ilipojaa aliituma, kisha akaanza nyingine. Barua hizo ziko 65, na wasomi wamezoea kuziita Shajara kwa Stella.

Hoja yangu ni kwamba hakuna toleo lililochapishwa, hata liwe limehaririwa kwa uangalifu wa namna gani, linaloweza kuchukua nafasi ya karatasi zenyewe, na kwamba maktaba zinazomiliki karatasi za Swift zina wajibu wa kuweka mtandaoni, bila malipo, picha ya kila ukurasa wenye mwandiko wake. Siyasemi haya kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya kale. Nayasema kwa sababu historia ya karatasi hizi ni historia ya watu wengine kuamua, kwa niaba yetu, kipi katika maneno ya Swift kinafaa kusomwa.

Tuanze na Shajara yenyewe. Barua ya kwanza na zile za 41 hadi 65, isipokuwa ya 54, zimesalia kwa mwandiko wake na ziko British Library, London. Za 2 hadi 40 zimepotea. Tunazijua tu kupitia toleo lililotolewa mwaka 1768 na Deane Swift, mtu wa ukoo wake. Yeye aliona vifupisho walivyotumia marafiki hao watatu havisomeki kwa watu wa nje, akaweka majina aliyoyapenda. Pale ambapo Swift alijitaja kwa herufi nne, Pdfr, msomaji wa toleo hilo anakuta “Presto”, jina ambalo Mtaliano mmoja, mke wa Duke wa Shrewsbury, alimwita Swift baada ya kusahau jina lake halisi. Na pale ambapo Esther Johnson alitajwa kwa herufi tatu, Ppt, anakuta “Stella”, jina ambalo Swift alianza kulitumia katika mashairi miaka kadhaa baada ya barua hizo kuandikwa. Kwa hiyo hata jina la kitabu ni kazi ya wahariri. John Hawkesworth, aliyezichapisha mwaka 1766 zile barua ambazo asili yake imesalia, alikwenda mbali zaidi: aliondoa sehemu kubwa ya lugha ya utani ambayo Swift aliitumia hasa mwishoni mwa barua, ile ambamo herufi l na r hubadilishana nafasi kana kwamba mtoto mdogo ndiye anayezungumza. Kwa hizi tunaweza kulinganisha chapisho na karatasi tukaona alichokitoa. Kwa zile 39 nyingine hatuna cha kulinganisha, na hasara hiyo haitalipika.

Sasa tazama karatasi zilizosalia. Mwandiko ni mdogo sana, umebanwa hadi pembeni, na juu ya maneno mengi ya utani kumepitishwa mizunguko ya wino inayoyafunika. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtu fulani, pengine Swift mwenyewe uzeeni au mhariri mwenye haya, alitaka kuficha maneno hayo. Abigail Williams, msomi wa Oxford aliyehariri Shajara kwa ajili ya toleo la Cambridge la mwaka 2013, alizichunguza karatasi hizo upya na kupendekeza kwamba Swift aliyafuta maneno hayo yeye mwenyewe wakati wa kuandika, ili wanawake wale wafurahie kuyafukua. Mimi naiona hoja hiyo kuwa na nguvu, kwa sababu inakubaliana na tabia ya barua nzima, ambayo imejaa siri ndogondogo kati ya watu watatu. Ikiwa ni kweli, basi wino ule uliofunika maneno ni sehemu ya barua sawa na maneno yaliyo chini yake. Chapisho linaweza kutupa neno lililofutwa ndani ya mabano, lakini haliwezi kutupa kule kufutwa kwenyewe.

Tena Swift alikuwa mwandishi wa tashtiti, yaani maandishi ya kejeli, na kwa mtu wa kazi hiyo karatasi yenye mwandiko wake ilikuwa ushahidi wa kumtia hatiani. Mwaka 1724, alipojiita muuza nguo wa Dublin na kuwahimiza watu wa Ireland wazikatae sarafu za shaba ambazo mfanyabiashara wa Kiingereza William Wood alipewa kibali cha kuzitengeneza, serikali ilitangaza zawadi ya pauni 300 kwa yeyote atakayemtaja mwandishi wa barua ya nne. Mchapishaji wake, John Harding, alitiwa ndani. Dublin nzima ilijua ni nani aliyeandika, na hakuna aliyejitokeza kuichukua fedha hiyo. Miaka miwili baadaye mswada wa riwaya yake, Safari za Gulliver, ulimfikia mchapishaji Benjamin Motte, London, kwa jina la kubuni la Richard Sympson, na mswada huo haujasalia. Motte naye aliogopa, akabadilisha sehemu alizoziona za hatari, jambo lililomkasirisha sana Swift. Masahihisho mengi tunayajua kwa sababu rafiki yake, Charles Ford, aliyaandika katika nakala yake ya kitabu hicho. Nakala hiyo ilimfikia mwandishi John Forster, ambaye aliliachia taifa maktaba yake alipofariki mwaka 1876, na leo iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert Museum, London. Katika nakala hiyo ndimo ulimokuwa mkasa wa Lindalino, mji wa kubuni unaokiasi kisiwa kirukacho kinachoutawala na kukishinda. Ni vigumu kuusoma bila kuikumbuka Dublin ya mwaka 1724. Haukuchapishwa ndani ya kitabu hadi mwaka 1899.

Hata rafiki wa karibu hakuwa mlinzi wa kuaminika. Mshairi Alexander Pope, aliyempenda Swift kwa dhati, alizipata tena barua alizomwandikia Swift mwaka 1737 kupitia kwa rafiki yao Lord Orrery, akazirekebisha, akazichapisha kwa siri pamoja na zile za Swift, kisha mwaka 1740 akafanya kitabu hicho kifike Dublin bila jina la aliyekituma, ili ionekane kwamba Swift ndiye aliyezitoa hadharani. Swift wakati huo alikuwa mzee anayepoteza kumbukumbu. Mwaka 1742 alitangazwa kuwa hawezi kusimamia mambo yake. Sioni namna ya kumtetea Pope kwa tendo hili.

Katika mkusanyiko huohuo wa Forster kuna vitabu vya hesabu za nyumbani vya Swift: alichotumia kwa divai, kwa nauli, kwa sadaka, alichopata au kupoteza katika mchezo wa karata. Kuna pia daftari dogo la Septemba 1727, alipokwama katika bandari ya Holyhead, Wales, akingoja upepo wa kumvusha hadi Ireland huku akijua kwamba Esther Johnson ni mgonjwa sana Dublin. Ameandika humo hali ya hewa, chakula kibaya, ndoto, mashairi ya hasira. Mimi huweka daftari hilo juu ya vijitabu vyake vingi vya kisiasa, kwa kuwa halikuandikwa kwa ajili ya msomaji yeyote. Esther Johnson alifariki tarehe 28 Januari 1728.

Karatasi nyingine zimetawanyika: nyingine ziko Dublin, nyingine Cambridge, nyingine New York na California. Marsh's Library, iliyo jirani kabisa na kanisa kuu la Mtakatifu Patrick ambalo Swift aliliongoza tangu mwaka 1713, ina kitabu cha historia cha mwanasiasa wa Kiingereza Clarendon ambacho pembezoni mwake amewatukana Waskoti kwa ukali wa ajabu. Kutawanyika huku si aibu ya mtu. Ndivyo urithi, minada na zawadi vinavyofanya kazi. Lakini msomaji aliye Mombasa au Kigoma hawezi kuzunguka miji mitano ili kuona mwandiko wa mtu mmoja, wala hapaswi kulazimika. Picha za kurasa pamoja na katalogi moja inayoziunganisha zingeondoa kikwazo hicho.

Katika katalogi hiyo kuna jambo moja ningelisisitiza kuliko yote. Esther Vanhomrigh, mwanamke mwingine aliyempenda Swift na kufariki mwaka 1723, alihifadhi rasimu za barua alizomwandikia, na kwa hiyo leo tunamsikia akilalamika na kusihi kwa maneno yake mwenyewe. Za Esther Johnson alizomwandikia Swift London hazipo hata moja. Hata hivyo yeye na Rebecca Dingley walizipa barua zao namba, na Swift hutaja katika Shajara ni namba gani imemfikia na siku gani, kisha hujibu jambo moja baada ya jingine: macho yanayomsumbua Esther, makosa ya tahajia, fedha, wageni wa jioni. Kwa hiyo inawezekana kuziorodhesha barua hizo zilizopotea, kila moja kwa namba yake, siku iliyopokelewa na mambo iliyoyagusa, kila inapowezekana, na kuziweka katika katalogi kwa jina la mwandishi wake pamoja na la mwenzake, badala ya kuziacha ziwe tanbihi chini ya jina la Swift.