Asilimia 30 ya bahari na daftari la pweza

Katibu wa kamati ya uvuvi kijijini kwa mama yangu, kusini mwa Unguja, ana daftari lenye jalada la mchezaji mpira aliyekwisha kustaafu zamani. Ndani amepiga safu tatu kwa rula: tarehe, jina, kilo. Ni kilo za pweza. Siku niliyomkuta barazani alikuwa ameletewa fomu ya kurasa nne na wageni wa mradi mmoja, na swali la kwanza tu lilikuwa limemkwamisha: eneo mnalolihifadhi lina hekta ngapi? Akanitazama juu ya miwani.

"Sasa mwanangu, tupime maji yakiwa yamejaa au yamekupwa?"

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Mwamba wanaoufunga pale, yaani wanaouacha bila kuvuliwa kwa miezi ili pweza wakue, bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) likikupwa unautembea kwa miguu karibu nusu saa mpaka ufike ukingoni. Maji yakijaa huoni mwamba, unaona bahari tu. Fomu haikuwa na nafasi ya maelezo kama hayo.

Hekta zile zilikuwa zinatafutwa kwa sababu ya Montreal, Kanada. Desemba 2022, nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai, ule wa kimataifa wa kulinda aina za viumbe, zilikubaliana huko kwamba ifikapo 2030, walau asilimia 30 ya ardhi na asilimia 30 ya bahari ya dunia iwe chini ya hifadhi. Wenyewe wanaiita thelathini kwa thelathini. Kabla yake kulikuwa na ahadi ya Nagoya, Japani, ya mwaka 2010: asilimia 17 nchi kavu, 10 baharini, mwisho 2020. Mwaka 2020 ulipofika, tathmini ya Umoja wa Mataifa ikasema katika malengo yote 20 ya Nagoya hakuna hata moja lililotimia kikamilifu. Mwaka 2024 nchi kavu tulikuwa kwenye asilimia 17 na ushei, baharini kama 8. Miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mwenye haraka huokota kikubwa kwanza.

Haraka yenyewe ilianzia ukumbini kule Montreal. Alfajiri ya tarehe 19 Desemba mjumbe wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo alisimama akasema nchi yake haiwezi kuunga mkono maandishi yale bila mfuko mpya wa fedha. Muda si muda mwenyekiti, waziri wa mazingira wa China, akagonga nyundo, mapatano yakapita. Kongo, nchi yenye sehemu kubwa kuliko zote ya msitu wa mvua wa Afrika, ilitaka kujua nani atalipa. (Marekani haikuwa na la kupinga wala kukubali, kwa sababu iliutia saini mkataba huo 1993 na mpaka leo haijauridhia.)

Nisieleweke vibaya, mimi naunga mkono hifadhi. Nimeona mwamba uliopigwa baruti: matumbawe yamelala vipande vipande kama chokaa ya jengo lililobomolewa, na samaki hana pa kujificha hata akitaka kurudi. Nimeona pia Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, ambako mwamba wa upande wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu 1994. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, hawakushika bunduki, wakawa wanasogea kwa boti kumweleza mwenzao kwa nini asitupe mshipi pale. Ukizamisha uso majini Chumbe unaelewa kwa nini ilistahili. Ugomvi wangu ni na ile asilimia. Asilimia inahesabu maji. Haihesabu kama kuna mtu anayeyatunza, na haiulizi nani aliondolewa ili yatunzwe.

Chukua Chagos, ukanda wa visiwa katikati ya bahari yetu hii ya Hindi. Wenyeji wake waliondolewa na Uingereza kati ya 1968 na 1973 ili Diego Garcia, kisiwa kikubwa cha hapo, iwe kambi ya jeshi la Marekani. Aprili 2010 Uingereza ikatangaza hifadhi ya bahari kuizunguka Chagos, zaidi ya kilomita za mraba 600,000, uvuvi marufuku. Ramani ya dunia ikapata doa kubwa la buluu kwa siku moja. Baadaye mwaka huo zikavuja barua za kibalozi zilizoonyesha ofisa wa Uingereza akiwaambia Wamarekani, mwaka mmoja kabla ya tangazo, kwamba hifadhi itawawia ngumu wenyeji wakitaka kurudi. Mwaka 2015 jopo la usuluhishi lililofuata sheria ya bahari likaamua kwamba Uingereza ilivunja wajibu wake kwa Mauritius, nchi inayodai visiwa hivyo. Matumbawe ya Chagos ni mazuri kweli, nani atabisha? Ila unapoambiwa dunia imepanda nusu asilimia, uliza ni nusu asilimia ya nani.

Kisiwa cha Mafia ni habari nyingine, na haina mkosaji mmoja. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilitangazwa 1995, ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822, na vijiji vyenye maelfu ya watu viko ndani yake. Wavuvi wengi waliikaribisha, kwa sababu walichoka na boti za wageni zilizokuja na baruti. Waliitaka serikali iwe upande wao. Halafu kanuni zikaja, kanda zikachorwa, kuna pa kuvua na pa kutovua, kuna nyavu zinazokubalika na zisizokubalika, na mtu mwenye ngalawa na jarife la babu yake akajikuta anaulizwa maswali yale yale anayoulizwa mpiga baruti. Kwenye takwimu, zile kilomita 822 huwa zinaingia zote kila mwaka. Kama boti ya doria imekosa petroli mwezi mzima, zinaingia. Kama wazee wa Jibondo, kisiwa kilicho ndani ya hifadhi, wamenuna, zinaingia.

Sasa rudi kwa katibu na daftari lake.

Pweza ni mnyama wa ajabu. Maisha yake ni kama mwaka mmoja na kidogo, na ndani ya muda huo anakua kwa kasi ya kutisha. Jike akitaga hukaa pangoni akilinda mayai bila kula, yakianguliwa anakufa. Kwa hiyo ukiuacha mwamba miezi miwili mitatu, pweza wa nusu kilo unamkuta amekwisha kuwa mtu mzima. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walijaribu hivyo 2004, na jambo likasambaa kijiji hadi kijiji, kisha likavuka bahari. Kisiwa Panza kule Pemba wamefunga, na kusini mwa Unguja wamefunga. Wala haikuhitaji mtaalamu wa kuwashawishi zaidi ya ile siku ya kwanza ya kufungua.

Nilikuwepo siku moja kama hiyo. Kina mama walianza kukusanyika mchanga ukiwa bado na baridi, kanga zimefungwa kiunoni, viatu vya plastiki miguuni kwa ajili ya fuma na mawe makali, kila mmoja na kijiti chake cha kuchokolea. Mjomba mmoja wa kamati alishika kipenga. Kilipolia hakuna aliyekimbia, walitawanyika wakitazama chini. Mama alinionyesha: tafuta maganda ya kaa na kome yaliyomwagwa mbele ya tundu, pweza ni mlafi na hafagii mlangoni. Alichokoa, akangoja, akachokoa tena, mkono mmoja wa pweza ukajizungusha kwenye kijiti, na kilichotoka kilimfunika kiganja mpaka kiwiko. Kwenye mizani: kilo mbili na robo. Siku za kawaida nimemwona akirudi na watatu wasiofika hiyo.

Halafu yakaja maboti. Vijana wa kutoka mbali, na miwani na viatu vya kuogelea, wakaingia upande wa maji makuu, ambako mama hafiki kwa miguu. Hawakuvunja sheria, maana mwamba ulikuwa umefunguliwa. Wao hawakukesha doria hata usiku mmoja, na waliondoka na magunia. Miezi mitatu ya kujinyima ikaliwa asubuhi moja. Kamati iligombana jioni ile kuliko nilivyowahi kusikia. Mwaka uliofuata wakaamua siku mbili za kwanza ziwe za waendao kwa miguu peke yao, na bado kuna wanaonung'unika.

Kufunga kwa miezi hakutoshi, na katibu mwenyewe ananiambia hivyo. Humsaidii chewa kwa miezi mitatu. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakishakuwa wakubwa ndio baadhi yao hugeuka madume, na hilo linachukua miaka. Ukimaliza wakubwa umemaliza waume. Huyo anahitaji sehemu inayofungwa na kubaki imefungwa, kama Chumbe. Lakini kijiji kilichokwisha kuonja faida ya kufunga mwamba kwa msimu ndicho kitakachokubali kuacha kipande kimoja kifungwe moja kwa moja. Anza na lile la kudumu, ukiwa na fomu mkononi, utapata sahihi ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na usiku watu watavua.

Wakubwa waliliona hili kwa kiasi. Mwaka 2018, huko Sharm el-Sheikh, Misri, nchi za mkataba ule zilikubaliana kwamba maeneo yasiyo hifadhi rasmi nayo yanaweza kuhesabiwa, mradi yanatunza viumbe kwa matokeo yanayodumu. Kufunga mwamba miezi mitatu kwa ajili ya pweza hakufiki hapo, na kwa mantiki yao wako sahihi. Kwa hiyo mwamba wa kina mama ni sifuri kwenye hesabu ya 2030, na Chagos ni laki sita na zaidi.

Mimi ningeacha asilimia 30 ibaki, ila kila hekta ingeingia na safu tatu kama za daftari lile: nani kafunga, nani anaingia siku ya kufungua, na anarudi nyumbani na kilo ngapi. Isiyo na majibu isihesabiwe, hata iwe kubwa kiasi gani. Na fedha zile Kongo walizoziulizia zianze kwa petroli ya doria na tochi za kamati, kabla ya warsha nyingine ya hotelini yenye begi na kofia.

Fomu ile katibu aliijaza. Kwenye kisanduku cha hekta aliandika kwa wino wa buluu: "Kuanzia mikoko ya kaskazini mpaka ukingo wa mwamba, bamvua likikupwa." Ilirudishwa na alama nyekundu. Hajaigusa tena, anasema ana shughuli, wanafungua bamvua la mwezi ujao na kipenga kimepotea.