Kobe dhidi ya Kobe

Raundi ya kwanza ya mashindano yetu ya sataranji ilikwisha bila ugomvi. Balaa lilianza pale mimi, mwamuzi mkuu, nilipobonyeza kitufe cha matokeo. Projekta ikatema ukutani, mbele ya wachezaji wote wanane:

Kobe 4.0
Kobe 4.0
Kobe 4.0

Na kuendelea hivyo hivyo hadi mstari wa nane. Mchezaji tunayemwita Malkia hayupo. Mwenzake Radi hayupo. Ni Kobe mtupu kutoka juu hadi chini.

Kobe ni mjomba wetu. Jina hilo kapewa kwa sababu akitaka kusogeza kete moja, wewe unaweza kwenda kuoga, ukavaa, ukarudi, ukamkuta bado ameshika kidevu. Na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amefungwa na Malkia, kila mtu kaona. Lakini aliposoma ukutani alisimama taratibu, akafunga vifungo vya koti, akaanza kupokea pongezi ambazo hakuna aliyezitoa.

"Mjomba, wewe umefungwa," nikamwambia.

"Na nani? Soma hapo. Nimecheza na Kobe."

Programu ilikuwa kazi ya mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza Java, lugha ya kuandikia programu. Nikamvuta pembeni.

"Umeijaribu hii?"

"Nimeijaribu, kaka. Ikafanya kazi vizuri tu."

"Uliijaribu na wachezaji wangapi?"

Kimya. Kisha: "Mmoja."

Tukafungua msimbo. Mwanzoni alikuwa ameandika klasi, yaani kiolezo cha kuundia wachezaji, nzuri tu: kila Mchezaji ana jina lake, ana pointi zake, na ana methodi, yaani kitendo, ya kuziongeza. Halafu ndani ya main, methodi ambayo programu huanzia, akaandika `Mchezaji.ongezaPointi(1);`. Hapo kompaila, inayokagua na kutafsiri msimbo, ikamgomea kwa ile sentensi ambayo kila anayeanza Java hukutana nayo: methodi isiyo static (static ni ya klasi nzima, si ya obijekti moja) haiwezi kuitwa kutoka kwenye muktadha wa static. Ukiipunguzia lugha ya kiofisi, kompaila ilikuwa inauliza swali la haki kabisa. Mchezaji yupi? Wewe umetaja klasi, na klasi haichezi sataranji. Wanaocheza ni obijekti zilizoundwa kwa `new`, na kila moja ina pointi zake.

Ila kihariri, programu anayoandikia msimbo, nacho, kwa ukarimu wake, kikamletea pendekezo: fanya ongezaPointi iwe static. Akabofya. Kosa likahamia mstari wa pili, kwa sababu methodi iliyo static haina `this`, neno la kumtaja mwenyewe, kwa hiyo haijui izishike pointi za nani. Pendekezo tena: zifanye pointi ziwe static. Akabofya. Methodi ya kutangaza mshindi nayo ikalilia jina. Akabofya. Mwisho wa safari hakukuwa na wekundu wa makosa hata chembe, na dogo akalala usingizi mtamu. Mimi pendekezo hilo ningeliwekea sauti ya king'ora.

Maana pointi zikishakuwa static, zinabaki nakala moja tu kwa klasi nzima, kama ubao mmoja ukutani ambao kila anayepita anafuta na kuandika juu yake. Konstrakta, sehemu inayomuunda kila mchezaji, ilimwandika Malkia, ikamfuta ikamwandika Radi, na wa mwisho kusajiliwa alikuwa mjomba, maana hata kujisajili alichelewa. Na zile 4.0? Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu kwa kila upande. Kwa hiyo michezo minne huzaa pointi nne, na zote zilimwagwa mahali pamoja. Mchezaji aliyecheza mara moja tu hawezi kuwa na 4.0 hata amfunge nani, lakini ukumbini aliyeliona hilo alikuwa Malkia peke yake, na sauti yake ilishazidiwa na ya mjomba.

"Sasa mbona main yenyewe ni static?" dogo akaniuliza, kama wakili aliyepata upenyo.

Swali zuri. Programu inapoanza hakuna obijekti hata moja, kwa hiyo lazima kuwe na mlango ambao Java inaweza kuuingia bila kusubiri mtu aundwe. Akanikumbusha kwamba toleo la 25, la Septemba 2025, linakubali main isiyo static. Ni kweli. Java yenyewe huunda obijekti ya kuiitia. Nikamwambia hilo halimsaidii hapa hata kidogo, kwa sababu bado angelazimika kusema ni mchezaji yupi.

Kabla ya kurekebisha nilishindwa kujizuia. Nikaandika `Mchezaji hewa = null;` na chini yake `hewa.tangazaMshindi();`. Dogo akakunja uso, akingoja programu ilipuke kwa NullPointerException, kosa la kumwita asiyekuwepo, maana `null` ni hakuna kitu. Wapi! Methodi ikiwa static, Java huangalia aina ya kigeu tu, ndani kuna nini haijali. Ukutani pakatokea: Mshindi ni Kobe. Mchezaji ambaye hajazaliwa, naye ni Kobe. Mjomba akapiga makofi.

Tukazing'oa static zote, tukaacha ya main na ya idadi ya wachezaji, kwa kuwa idadi kweli ni mali ya kundi zima. Kisha kila ushindi tukauandika kwa mwenyewe: `malkia.ongezaPointi(1);`. Nikaendesha tena. Majina manane, kila mtu na chake. Malkia 1.0. Chini kabisa: Kobe 0.0.

Mjomba akautazama ukuta kwa muda wa kusogeza kete mbili hivi. Akafungua vifungo vya koti, akamsogelea dogo, akamwekea mkono begani.

"Mwanangu," akamnong'oneza, "ile ya kwanza hujaifuta, sivyo?"