Meneja Amelazwa

Laptopu yangu inatumia mfumo endeshi wa Linux, na sina ugomvi nayo hata kidogo isipokuwa kwenye tachipedi, kile kibao cha kugusa chini ya kibodi. Kishale kilikwenda kinakotaka. Kupandisha ukurasa kwa vidole viwili, sahau.

Siku hiyo namwandikia bosi barua pepe ya kuomba ruhusa. Nikichapa, macho yangu huwa kwenye kibodi. Nilikusudia hivi: "Ndugu Meneja, naomba ruhusa ya siku moja. Shangazi yangu amelazwa na hali yake si nzuri." Nilipofika kwenye "yangu", kidole gumba kikapapasa tachipedi, kishale kikaruka kikatua mara baada ya neno "Meneja". Mimi huku natwanga herufi tu. Kuinua macho, nasoma:

"Ndugu Meneja amelazwa na hali yake si nzuri, naomba ruhusa ya siku moja. Shangazi yangu"

Nikavuta kishale nifute. Kinapita juu ya kitufe cha kutuma, gumba likagusa tena. Ikaenda.

Jibu halikuchelewa: "Nimelazwa hospitali gani?"

Kabla sijajibu, nikataka kwanza kumjua mchawi. Nikafungua faili la /proc/bus/input/devices, ambamo Linux huorodhesha kibodi, mausi na wenzao, na humo tachipedi imeandikwa "PS/2 Generic Mouse". Kumbe kerneli, kiini cha Linux, haikuitambua kabisa! Tachipedi isipotambuliwa hujifanya mausi ya kawaida, kwa lugha ya PS/2 ambayo IBM waliileta 1987. Mausi haina habari za vidole wala viganja: inaripoti imesogea kiasi gani na kitufe gani kimebonyezwa, basi. Kwa hiyo libinput, programu ya Linux ambayo kazi yake mojawapo ni kupuuza kiganja na kuzima tachipedi mtu anapochapa, haikuwa na cha kupuuza. Na kule kugusa kukawa mbofyo kulifanywa na tachipedi yenyewe, ndani kwa ndani. Mipangilio yote niliyokuwa nahangaika nayo ilikuwa pambo.

Nikaandika amri ya kuiondoa psmouse, draiva ya mausi za PS/2: sudo modprobe -r psmouse, Enta. Draiva ikatoka, kishale kikaganda katikati ya skrini, na mausi ya waya sina. Lakini jamani, raha! Nikachapa sentensi, ikakaa pale pale nilipoiweka. Nikaeleza kwamba mgonjwa ni shangazi, meneja ni mzima, nikabonyeza Tabu, Tabu, Tabu hadi kwenye kitufe cha kutuma, Enta.

Wakati nasubiri nikaweka kerneli mpya, nikawasha upya. Safari hii tachipedi ikatokea kwa jina lake halisi, vidole viwili vinapandisha ukurasa kama kawaida. Jibu la bosi hilo hapo. Nikaligusa lifunguke: kimya. Nikagusa tena, kimya. Libinput, kwenye tachipedi zenye vitufe vyake, huacha mbofyo wa kugusa ukiwa umezimwa mpaka uuwashe mwenyewe. Busara hiyo ingenifaa asubuhi. Nikakandamiza kitufe cha chini, barua ikafunguka:

"Nashukuru, nimepata nafuu. Wewe nenda kamwone shangazi."