Ndugu yako akitekwa ugenini, usisubiri ubalozi

Nnamdi Kanu, kiongozi wa kundi la IPOB linalotaka eneo la Biafra lijitenge na Nigeria, ana uraia wa Nigeria na wa Uingereza. Juni 2021 alikamatwa Nairobi, akafichwa siku kadhaa bila kuonyeshwa hakimu, kisha akapandishwa ndege hadi Nigeria. Novemba 2025 mahakama ya Abuja ikampa kifungo cha maisha kwa ugaidi. Serikali ya Uingereza haikutamka kama alitekwa au la, na Machi 2023 Mahakama Kuu ya huko ilikataa kuilazimisha itamke.

Wapo wanaowalaumu Waingereza kwa kunyamaza. Sawa, lakini ulinzi wa kidiplomasia ni haki ya serikali, si ya raia: ikitaka itadai, isipotaka itanyamaza. Hata ikitaka, kwanza mtu wake awe amemaliza ngazi zote za mahakama za huko. Na akiwa pia raia wa nchi inayomshitaki, serikali inayomdai italazimika kuthibitisha kwamba uraia wake wa kwao ndio mzito zaidi. Kwa mtu aliyezaliwa Nigeria, kazi ipo.

Kilicho karibu zaidi ni huduma za kibalozi, kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963: mzuiliwa aelezwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wake. Tatizo ni kwamba mtekaji hakubali kuwa anaye.

Kwa hiyo barua kwa ubalozi na kwa polisi ziende siku hiyohiyo: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba yake, tarehe ya kuingia nchini, mahali na saa alipoonekana mwisho. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri watasema hawakuwahi kuiona. Wakili naye, bila kungoja majibu, aombe Mahakama Kuu ya nchi alikotekwa iamuru mtu aletwe. Kenya katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaisha mahakama zikiwa zimefungwa.

Haraka ya nini? Ndege ikishaondoka, mahakama ya kule mara nyingi haijali alivyofika. Mahakama ya Rufaa ya Nigeria ilimfutia Kanu mashtaka Oktoba 2022 kwa sababu ya utekaji huo. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Afrika Kusini ilikataa mtindo huo mwaka 1991, katika kesi ya Ebrahim aliyetekwa Swaziland, lakini usitegemee kubahatika hivyo.

Mahakama Kuu ya Nairobi nayo iliamua Juni 2025 kwamba katiba ilivunjwa, ikaamuru fidia ya shilingi milioni 10. Kanu alikuwa bado mahabusu Abuja.