Dunia ilichelewa kuiona sinema ya China
Makala moja niliyoisoma inadai sinema ya China ilifufuka mwaka 1988, filamu ya mwongozaji Zhang Yimou ilipotwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Sikubali. Hapo dunia ndiyo iliyofumbua macho. Kazi yenyewe ilianza miaka kumi nyuma. Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya kisiasa ya Mao, yalipoanza 1966, utengenezaji wa filamu za hadithi ulisimama kwa miaka kadhaa, na muda mrefu watu walibaki na zile opera za kimapinduzi tu. Chuo cha Filamu cha Beijing kilipopokea tena wanafunzi 1978, waliingia vijana walioyajua maisha ya mashambani na viwandani: Chen Kaige, naye baadaye mwongozaji, alikuwa amefanya kazi mkoani Yunnan, Zhang kwenye kiwanda cha pamba mkoani Shaanxi, na huyu wa pili alikuwa ameshapita umri wa kujiunga, ikabidi aombe mpaka akubaliwe. Walihitimu 1982. Studio ndogo ya Guangxi, mbali na wakubwa wa Beijing na Shanghai, ndiyo iliyowapa baadhi yao kamera mapema. Halafu yupo Wu Tianming, ambaye makala haimtaji hata mara moja! Akiwa mkuu wa studio ya Xi'an aliwakingia kifua vijana hawa na kuwapa nafasi, na hiyo filamu ya Berlin ilitoka kwenye studio yake. Wenzangu mnaofuatilia sinema, kwa nini sifa zote tunawapa waongozaji, na waliowafungulia mlango hatuwataji?