Nguo za Bonane (Mwaka Mpya) ninazinunua mwezi wa kwanza

Tarehe 3 Januari, saa nne asubuhi, nilikuwa mbele ya duka la nguo hapa Liège. Baridi ilikuwa inauma masikio, na tulikuwa wengi. Ndani nikashika koti la mtoto wa miaka minane. Kwenye karatasi ya bei, euro 60 imepigwa mstari, chini yake 30. Nikaligeuza, nikavuta mshono wa kwapa, nikapandisha zipu na kuishusha mara tatu, kama mama alivyonifundisha katika soko la Kenya (ni mtaa, siyo nchi), kwetu Lubumbashi, Kongo. Nikachukua mawili kama hilo, ila ya saizi kubwa kidogo. Jioni nikamtumia yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, picha. Akanijibu kwa sauti: "Sasa wewe unatununulia vitu vya kupunguzwa? Tena Bonane imeshapita!"

Sauti hiyo nimeisikiliza mara nne. Imeniuma.

Yaya, bei imeshuka kwa sababu Bonane imepita. Hapa Ubelgiji solde (siyo ule mshahara wa askari, ninasema kuuza kwa kupunguza) ina tarehe zake katika sheria: 3 mpaka 31 Januari, halafu mwezi mzima wa Julai. Mwezi mmoja kabla yake, mwenye duka haruhusiwi kutangaza punguzo la nguo, viatu wala mikoba ya ngozi. Anasubiri, nawe unasubiri. Na tangu 2022, kanuni ya Umoja wa Ulaya inamtaka anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia ndani ya siku 30 zilizotangulia, ili asipandishe Jumatatu akaja "kupunguza" Ijumaa. Wajanja hawakosekani hata hapa. Lakini mnunuzi ana kitu cha kunyoshea kidole.

Kwetu tunanyoshea kidole nini? Noeli ikikaribia vinapanda vyote: kuku, mchele, mafuta, hata kusuka nywele. Muulize muuzaji, atakuambia dola, atakuambia barabara, atakuambia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Haya. Mwaka 2025 franka yetu ya Kongo ilipopata nguvu, ni bei ngapi mliona zikishuka mbio kama zilivyozoea kupanda? Na sisi wenyewe tunaenda sokoni wote pamoja, tarehe 22, 23, 24, tumeshika watoto mkono. Muuzaji anamwangalia mtoto, anaona macho yake yamenasa kwenye gauni, na hapo bei imeshapangwa. Mama atasema nini tena?

Ninajua mtakachoniambia. "Umefika Ulaya juzi, leo unatufundisha kununua." Hapana. Kununua nimefundishwa Kenya, sikufundishwa Liège. Mama yangu alikuwa anafunga pesa kwenye pembe za kitenge, kila pembe na kazi yake: hii ya bunga (unga), hii ya mafuta, hii ya sabuni. Pembe ya sabuni haikufunguliwa kwa ajili ya bunga hata siku moja. Na kabla ya bunga kumiminwa, alikuwa anaingiza mkono ndani ya meka, kopo la kupimia, anapapasa chini kama wamegonga bati likaingia ndani. Akikuta limegongwa, hagombani. Anairudisha meka taratibu na kuhamia kwa mama wa pili. Nimekaa hapa miaka, sijaona mnunuzi anayemfikia.

Na hapa kuna kitu ninachokosa, nakiri. Bei ya hapa haikusikii. Huwezi kuiambia una watoto sita, huwezi kusema "mama, nipunguzie, mimi mteja wako", wala hakuna mkono utakaokuongezea matabishi juu ya kipimo. Unalipa kwenye mashine, mashine inakutolea karatasi, basi. Siku nyingine ninatoka dukani nikiwa sijazungumza na mtu yeyote.

Wala punguzo peke yake si akili. Mwaka wangu wa kwanza niliona viatu vya ngozi vimepunguzwa asilimia 70. Namba 41, mimi ninavaa 42. Nikajidanganya kwamba ngozi itanyooka. Siku ya pili vidole vimevimba, nikavirudisha, wakakataa, na haki ilikuwa yao: ukinunua dukani kwa mkono wako, sheria haimlazimishi muuzaji kurudisha pesa kwa sababu umebadili mawazo. Siku 14 za kurudisha ni za aliyenunua kwa intaneti. Kitu kikiwa kibovu ndiyo habari nyingine, kina dhamana ya miaka miwili hata kama kilikuwa cha solde. Nilikuwa nimefungua pembe isiyokuwa ya viatu, na mama hakuwepo kunishika mkono. Tangu siku hiyo siingii dukani bila karatasi yenye majina ya watoto na vipimo vyao.

Mwingine ataniambia: "Hizo akili za kununua mapema ni za mwenye pesa. Mwezi wa tisa ni shule, mwezi wa kumi hakuna kitu, mshahara ukija ni karibu na Noeli." Huyo ana haki, na sina jibu la kumfunga mdomo. Ila likelemba tunazo, zile za kuchanga na kupokezana pesa kwa zamu. Kina mama wangapi wanagombania zamu ya mwezi wa kumi na mbili? Wote! Anayepokea mwezi wa kumi ndiye anayekuta muuzaji hana watu, amekaa, anataka kuongea. Gauni ni lile lile. Likiwekwa kwenye sanduku miezi miwili, tarehe 25 mtoto akilivaa ni jipya.

Kinachonikasirisha ni ile aibu. Jirani anauliza: "Nguo hii mmenunua lini?" Kwa nini aulize? Tunakopa ili tuonekane tumenunua jana, halafu Januari watoto wanakula bukari (ugali) mara moja kwa siku. Yaya, wewe unaijua Januari hiyo, tuliila pamoja. Mimi sitaki watoto wako waile kwa sababu ya koti.

Kwa hiyo makoti nimeyaweka chini ya kitanda, ndani ya valizi ya kilo 23 nitakayokuja nayo Desemba. Nimechukua saizi ya miaka kumi, siyo minane. Vimebaki viatu. Tafadhali, leo jioni wasimamishe watoto juu ya karatasi, mguu ukanyage vizuri, uzungushe kalamu, uweke rula pembeni, unitumie picha. Usiongeze kitu, nitaongeza mimi nafasi ya kukua. Solde inakwisha tarehe 31, na namba za watoto ndizo zinazokwisha kwanza.